Kampuni haina kadi ya mpiga kura: iseme au inyamaze kuhusu sheria za uchaguzi?

Fundi Rejeta (Mwanjelwa)

Wakuu salaam. Baridi ya leo huku Mbeya hata rejeta hazichemki, kwa hiyo fundi ana muda wa kuandika.

Mdogo wangu anasoma mambo ya biashara chuo kimoja hapo Iringa. Ijumaa usiku kanipigia kwa ile sauti ya kuomba nauli. Kumbe safari hii ni swali la mwalimu: je, kampuni zitoe msimamo hadharani kuhusu sheria za kupiga kura? Jadili kwa kutumia yaliyotokea Georgia, Marekani, mwaka 2021. Kurasa sita, mwisho Alhamisi. Nikamuuliza kwa nini mimi. "Kaka, si wewe unayependa kubishana?"

Nimesoma siku mbili, kichwa kimejaa, acha niwamwagie. Uchaguzi wa urais wa 2020 Joe Biden wa chama cha Democratic alichukua Georgia kwa tofauti ya kura 11,779 tu, jimbo ambalo wapinzani wao wa chama cha Republican walishalizoea kama shamba la urithi. Tarehe 25 Machi 2021 gavana Brian Kemp, naye wa Republican, akasaini sheria mpya ya uchaguzi, SB 202. Anayepiga kura kwa posta aandike namba ya leseni au ya kitambulisho, kulinganisha saini hakutoshi tena. Masanduku ya kudondoshea kura hizo za posta yapunguzwe na yawekwe ndani ya majengo. Duru ya pili ya uchaguzi ifanyike ndani ya wiki 4 badala ya 9. Na lile lililovuma kuliko yote: ni kosa kumgawia maji au chakula mtu aliyepanga foleni ya kura, ukiwa ndani ya mita kama 46 kutoka jengo la kituo.

Sasa Atlanta, mji mkuu wa hilo jimbo, ndiko yaliko makao makuu ya Coca-Cola na ya shirika la ndege la Delta. Mwanzoni wakubwa hawa walizungumza kwa tahadhari, kama mtu anayekanyaga tope kwa viatu vya kuazima. Tarehe 31 Machi viongozi 72 weusi wa makampuni wakatoa barua ya wazi, mbele wakiwa Kenneth Chenault aliyewahi kuongoza American Express, wale wa kadi za malipo, na Kenneth Frazier wa kampuni ya dawa ya Merck, wakiwataka wenzao wapinge sheria za namna hiyo. Siku hiyohiyo Ed Bastian wa Delta na James Quincey wa Coca-Cola wakatamka kwamba sheria ya Georgia haikubaliki. Tarehe 2 Aprili ligi kuu ya besiboli ikaing'oa mechi yake ya nyota wote kutoka Atlanta, ikaipeleka Denver. Moto ukawaka.

Hadi hapo ningeshamwambia dogo aandike "ndiyo, zitoe" na tukamaliza. Ila nina jambo langu.

Kabla sijawa fundi nilikuwa karani wa ghala kwenye kampuni moja huku Uyole, siitaji. Viazi vinakuja, tunapima, tunajaza kitabu, Fuso linaondoka kwenda Dar. Mwaka mmoja wa uchaguzi meneja akaja ghalani asubuhi na daftari la mahudhurio kwapani. Daftari lile siku zote hukaa mezani kwa mlinzi, pale getini. Akasema leo tunasaini huku, akapanda nalo kwenye Fuso. Huko juu kulikuwa na gunia la fulana. Ukitaka kusaini, panda. Ukishapanda, vaa. Ukishavaa, gari linaondoka kuelekea mkutanoni.

Mimi nilipanda. Fulana ilinuka viazi na ilinibana kwapani. Wenzetu wawili walibaki chini wamekunja mikono. Mwisho wa mwezi walikatwa siku moja, na kwenye safu ya maelezo karani mwenzangu aliamriwa aandike "utoro".

Kwa hiyo nikisikia "kampuni ina msimamo", akili yangu inaenda kwenye lile daftari. Halafu nikiwasoma wale 72 nasema hapana, hawa walifanya la maana. Nimegawanyika wakuu. Nisaidieni.

Kabwe Junction

Uzi mrefu kama foleni ya malori Mlima Nyoka. Nimeweka kiti.

Ila hiyo ya Fuso ni chai. Daftari gani la mahudhurio linapanda gari? Leta ushahidi.

Fundi Rejeta (Mwanjelwa)

Chai iko Mufindi mkuu, mimi nimeongelea viazi.

Mzee wa Ulanzi

Kamwene wanangu.

Fundi, jibu lako liko kwenye kichwa cha uzi wako mwenyewe. Kampuni haina kadi. Siku ya kura haipangi foleni, haichovyi kidole kwenye wino. Sasa inapata wapi mdomo wa kusema kura ipigwe namna gani?

Nawakumbusha kidogo maana wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Ile Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi hii kuuliza watu kama tubaki na chama kimoja au turudishe vingi. Asilimia 80 wakasema kimoja, 20 wakasema vingi. Wakubwa wakaamua kuwasikiliza wale 20, na mwaka 1992 sheria ikabadilika. Mtu anaweza kuisifu au kuilaumu ile hesabu, lakini walioulizwa walikuwa watu. Wakulima, walimu, wanafunzi, wafanyakazi. Hakuna aliyekwenda kukiuliza kiwanda.

Mchele Kyela

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, kiwanda kiulizwe nini wakati viwanda vyenyewe vilikuwa vya serikali? Tangu Azimio la Arusha 1967 kampuni kubwa nyingi za nchi hii zilikuwa mashirika ya umma. Shirika likitoa msimamo ilikuwa ni serikali kujijibu yenyewe kwenye kioo. Ndiyo maana sisi huku hatuna mazoea ya kusikia kampuni ikizungumzia mambo ya utawala. Tusigeuze ukosefu wa mazoea kuwa kanuni.

Halafu mbona kwenye kodi hatuzishangai? Kila msimu wa bajeti wenye viwanda na vyama vyao wako Dodoma na makabrasha: punguza ushuru huu, ondoa tozo ile. Hakuna anayeuliza kama kampuni ina kadi. Muswada wa fedha wanauzungumzia, muswada wa uchaguzi wanatazama dari.

Kuhusu wale 72, Fundi mwambie dogo asiwapite haraka. Hao hawakuzungumza kama soda au kadi ya benki. Walizungumza kama watu ambao wazazi na babu zao huko kusini mwa Marekani walizuiwa kupiga kura kwa mitihani ya kusoma na kwa kodi ya kichwa, mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ikawapa ulinzi. Sheria hiyo iliyabana majimbo yenye historia mbaya, Georgia likiwemo, yasibadilishe kanuni za uchaguzi bila kibali cha serikali ya shirikisho. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaiondoa hiyo breki. SB 202 ilipita barabara ambayo geti lake lilishang'olewa. Ukiwa mweusi, na una cheo, na umeona geti limeng'olewa, unakaaje kimya kwa kuogopa wateja?

Mzee wa Ulanzi

Marahaba mwanangu. Umenipiga vizuri hapo kwenye 1967, nakubali. Lakini hao 72 ni watu, umesema mwenyewe. Waandike kwa majina yao. Mimi ninachokataa ni chupa kusema.

Kabwe Junction

"Ninachokataa ni chupa kusema." Na hii kutoka kwa mzee anayejiita wa ulanzi 😂

Binti Kihesa

Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Wakuu, mimi nasoma kozi inayofanana na ya mdogo wake Fundi (si chuo kimoja, msianze), na katika mkasa wote ule kilichonikaa ni kimoja. Baada ya kampuni kusema, Mitch McConnell, wakati huo kiongozi wa Republican kwenye Seneti, alitoka kwa ukali akazionya zisiingie kwenye siasa. Waandishi wakamuuliza vipi kuhusu michango ya fedha. Akasema sizungumzii michango.

Yaani fungeni midomo, pochi ziacheni wazi.

Huyo ni mwanasiasa aliyetetea kwa miaka mingi haki ya kampuni kutumia pesa kwenye siasa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Citizens United, kwamba serikali haiwezi kuizuia kampuni kutumia fedha zake kutangaza mambo ya uchaguzi, mradi isipange na mgombea. Hoja ilikuwa kwamba kutumia pesa hivyo ni sehemu ya uhuru wa kusema. Sasa imekuwaje pesa ya kampuni ni sauti, lakini sauti ya kampuni ni kiherehere?

Na hao wenye kampuni nao si malaika. Kampuni inaweza kutoa tamko zuri mchana, usiku imemchangia mbunge aliyeipitisha sheria ileile. Tamko halina gharama. Ukitaka kujua msimamo wa mtu tazama risiti zake. Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwalimu: kabla ya kuuliza kama kampuni iseme, uliza imelipa nani.

Ndizi za Tukuyu

Nyie mnazungumza juu juu, mimi nauza. Nina meza karibu na uwanja wa Sokoine, ndizi, karanga, maji. Siku timu kubwa za Dar zikija kucheza hapa nauza mzigo wa wiki kwa saa tano. Bodaboda hawashiki simu, nyumba za wageni zimejaa mpaka Mafiati, mama ntilie anaongeza sufuria la tatu.

Sasa niwaze mechi imeondolewa Sokoine kwa sababu wabunge wamepitisha sheria mbaya. Mbunge atakosa nini? Mshahara uko palepale. Nitakayebaki na ndizi zinaiva mimi.

Ndicho kilichotokea kwa hao wa besiboli. Walioumia ni wahudumu wa hoteli na wauza vitafunwa wa Atlanta, mji wenye watu weusi wengi, walewale waliosemwa kuwa wanatetewa. Hata Stacey Abrams, mwanasiasa wa Democratic wa hukohuko Georgia aliyekuwa mstari wa mbele kuipinga ile sheria, aliwaomba watu wasisusie biashara za Georgia. Na mechi yenyewe imerudi. Julai 2025 wamecheza hapohapo Atlanta, sheria ikiwa bado ipo kitabuni. Sasa ule mwaka waliosusa walipata nini? Naomba mtu anijibu bila kiingilio.

Mchele Kyela

Dada, hapo sina jibu zuri. Labda niseme tu kwamba tishio la kuondoa mechi lina nguvu kabla sheria haijasainiwa. Ikishasainiwa inabaki hasira.

Tazama tarehe za Fundi. Sheria tarehe 25, maneno makali tarehe 31. Mzigo umeshashushwa ghalani ndiyo unauliza bei ya kupakia!

Binti Kihesa

Hata kusema mapema si dawa, kaka Kyela. Texas walisema mapema. Aprili 2021 American Airlines na Dell walizipinga sheria mpya za uchaguzi zikiwa bado miswada. Wabunge wa Democratic wakatoka ukumbini, baadaye wakakimbilia Washington ili akidi isitimie. Septemba gavana Greg Abbott kasaini.

Na waliosema walionja joto. Baraza la Wawakilishi la Georgia lilipiga kura kuiondolea Delta msamaha wa kodi ya mafuta ya ndege. Halikufika mwisho kwa sababu kikao kiliisha kabla Seneti haijaligusa, lakini ujumbe ulifika. Wabunge wengine wa Republican wakaandika barua soda za Coca-Cola ziondolewe ofisini kwao. Trump akawaita wafuasi wake wasusie.

Kabwe Junction

Soda hiyohiyo inayojazwa hapa Mbeya. Mbunge mzima anaandika barua friji itolewe. Angekunywa ya tangawizi tu yaishe.

Wakili wa Stendi

Nimechelewa, nilikuwa Makambako. Niongeze matatu, la mwisho ni la Fundi binafsi.

Hilo la maji kwenye foleni linawashangaza nyie kwa nini? Sisi tuna jina lake kabisa: takrima. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, eti ni ukarimu wa jadi. Pilau, kanga, kofia. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile kwa kuwa vinamwonea mgombea asiye na kitu na vinapalilia rushwa. Kwa hiyo ukimwambia Mtanzania kwamba kugawa chupa ya maji kituoni ni kosa, wengi watasema sawa kabisa. Ni mpaka umweleze kwamba kwenye baadhi ya vituo vya Georgia, hasa vya mijini, watu wamewahi kusimama saa nyingi kwenye jua, na kwamba aliyekatazwa si mgombea peke yake, ni mtu yeyote, hata mama wa kanisani. Hapo ndipo picha inageuka. Kwetu swali ni nani anayegawa. Kwao swali ni kwa nini foleni ni ndefu kiasi cha mtu kuhitaji maji. Ninachokiona ni kwamba kampuni zilipiga kelele kuhusu maji kwa sababu ni rahisi kuyaelewa, zikalipita la foleni.

La pili. Kwetu hapa waliokwenda kuzisukuma sheria za uchaguzi ni nani? Kesi ya takrima ilifunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na asasi nyingine mbili. Mgombea binafsi alipiganiwa na Mchungaji Christopher Mtikila, mtu wa Ludewa, jirani yenu Njombe hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, akashinda Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani 2010, akashinda Mahakama ya Afrika pale Arusha Juni 2013. Akafariki 2015, mgombea binafsi bado hajaruhusiwa. Kupinga wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi ilikuwa kesi ya Bob Chacha Wangwe: Mei 2019 Mahakama Kuu ikamkubalia, Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua. Mchungaji mmoja, kijana mmoja, asasi tatu. Mzee wa Ulanzi atafurahi: watu. Ila mimi sifurahi sana, kwa sababu hao watu walibeba gharama ambayo kampuni moja tu ingeibeba bila kutetereka.

La tatu, Fundi. Ile habari yako si ya adabu tu, ni ya sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa maoni yake ya kisiasa. Wale wenzako wawili waliokatwa siku wangekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Meneja angepata kazi ngumu kueleza utoro wa watu waliokuwa wamesimama mbele yake.

Fundi Rejeta (Mwanjelwa)

Siku 60. Sisi tulidhani ni amri ya kampuni imeisha hiyo. Mmoja wao sasa ana duka la vipuri pale Sido. Nitampitia nimwambie, ingawa siku zenyewe zilishaoza.

Mchuma Majani

Habari za leo. Sichangii sana humu, mimi msomaji. Nipo Mufindi, nimechuma chai miaka tisa, sasa ni msaidizi wa mizani.

Niwaeleze kinavyokuwa. Wengi tuliopo kambini si wa hapa. Yupo wa Makete, wa Ludewa, wa Songea. Kura unapiga kituo ulichojiandikishia. Mama mmoja wa mstari wangu kadi yake inasema Ludewa. Kwenda na kurudi ni nauli na siku mbili, tatu. Dawa yake ni kuhamisha taarifa zake wakati daftari la wapiga kura linapoboreshwa, na hizo ni siku chache tu, halafu waandikishaji wanafunga mashine wanaondoka.

Sasa mvua ikishika majani hayangoji. Tunalipwa kwa kilo. Ukitoka mstarini saa mbili asubuhi kwenda ofisi ya kata, ukakuta foleni, ukarudi saa nane, siku imekwenda. Hakuna aliyekukataza kwenda. Mizani ndiyo inayokataza.

Siku ya uchaguzi afadhali. Mwaka 2020 kura ilikuwa Jumatano tarehe 28 Oktoba na ilitangazwa mapumziko. Lakini mapumziko yanamsaidia mwenye kadi ya hapa. Yule mama wa Ludewa alipumzika tu, akafua.

Nilipokuwa shamba jingine, dogo kuliko hili, daftari lilipokuja msimamizi wetu alifanya jambo moja. Lile trekta la kubebea majani, akaweka mbao mbili kwenye tela tukae. Mstari wa kwanza uende asubuhi, wa pili mchana. Kilo za siku ile akatuandikia wastani wa wiki. Hakusema chama. Hakuja hata yeye, alimtuma dereva. Tulirudi na kadi mpya na matako yameuma.

Sijui kama huo ni msimamo wa kampuni. Nimeona Fuso la Fundi nikakumbuka trekta letu.

Fundi Rejeta (Mwanjelwa)

Dada (au kaka, samahani), nimeisoma hii mara tatu.

Magari mawili ya kampuni, yote yanabeba wafanyakazi kwenda kwenye mambo ya kura. Moja linataka ujue kwanza uko upande gani. Jingine halitaki kujua.

Kabwe Junction

Hii sasa naikubali bila ushahidi. Matako kuuma huwezi kutunga.

Binti Kihesa

Hata Marekani wapo wa trekta. Patagonia, wale wa nguo za baridi, walifunga maduka yao siku ya uchaguzi 2016 ili wafanyakazi wakapige kura. Kule siku ya kura ni Jumanne na si sikukuu ya taifa. Mwaka 2018 wakaungana na Levi's na PayPal kuwahimiza waajiri wengine watoe muda.

Lakini jamani tusilewe na trekta. Trekta linakufikisha kituoni. Sheria kama ni mbaya utaikuta imekaa palepale kituoni inakusubiri. Yule mama wa Ludewa shida yake si usafiri tu, ni kanuni ya siku chache. Nani atasema siku ziongezwe? Yeye? Nani atamsikia? Mwenye shamba anajua hesabu: wachumaji wangapi, wangapi si wa hapa, foleni ilikuwa saa ngapi. Kamati ya Bunge ilipopokea maoni ya miswada ya uchaguzi pale Dodoma Januari 2024, waliosikika zaidi ni vyama, asasi na viongozi wa dini. Mwajiri wa wachuma chai angekuwa na la kusema ambalo askofu hana.

Mzee wa Ulanzi

Hapo binti umenisogeza kidogo. Kidogo. Aende akaseme anachokijua: watu wangu ni kadhaa, wanatoka mbali, siku ni chache. Hiyo ni shahidi, na shahidi hata mahakamani anaruhusiwa. Akianza tu kuniambia sheria ipi ni ya kidemokrasia, namzimia redio.

Mchele Kyela

Mzee umeshakubali, unaona aibu tu.

Mzee wa Ulanzi

Nyamaza ulime mpunga.

Ndizi za Tukuyu

Na wasiondoe mechi.

Wakili wa Stendi

Nikubaliane na Mzee, lakini na kwa Binti Kihesa nibaki na kipande. Shahidi huulizwa amelipwa na nani. Tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi tangu 2010, ilitungwa kwa ajili ya hilo hasa, fedha za kampeni zijulikane zimetoka wapi. Mwajiri anayekwenda Dodoma kusemea foleni, na amechangia chama, aseme vyote viwili kwenye kiti kimoja.

Kuna kitu kingine cha Georgia kinachowafanya watu wa kampuni kuona haya siku hizi. Novemba 2022 uchaguzi ulipofanyika chini ya sheria ile, kura za mapema zilivunja rekodi ya chaguzi za katikati ya muhula. Gavana Kemp akasema mnaona, mlipiga kelele bure. Wapinzani wake wakasema mtu akiruka mtaro si ushahidi kwamba mtaro haupo. Mimi naona wote wawili wana neno, na kampuni iliyotumia maneno makubwa siku ya kwanza ilijinyima nafasi ya kusema maneno madogo ya kweli siku ya pili. Wangesema "masanduku ya kura Atlanta yamepungua, wafanyakazi wetu wa zamu za usiku ndio walioyatumia", nani angewacheka 2022?

Fundi Rejeta (Mwanjelwa)

Wakuu nimempelekea dogo. Nimemwambia aanze na Fuso, amalize na trekta, katikati aweke Georgia yote. Kuhusu jibu lenyewe nimemwandikia hivi, mnirekebishe: kampuni iseme inachokiona getini kwake, iseme kabla kalamu ya gavana haijashuka, ioneshe na risiti zake, na daftari la mahudhurio libaki mezani kwa mlinzi.

Kabwe Junction

Nakazia. Hasa la daftari. Nimeamini sasa.

Fundi Rejeta (Mwanjelwa)

Mrejesho, wiki mbili baadaye. Dogo kapata 14 kati ya 20. Mwalimu kasifia Texas na takrima. Pembeni ya aya ya kwanza kaandika kwa wino mwekundu: "Mfano wa Fuso: chanzo?"

Gunia Tupu

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nimeletewa na mtu wa Sido.

Fundi, mwambie mwalimu chanzo kipo. Kalamu ilikuwa ya kijani, ya bluu ilikwisha wino wiki ile. "Utoro" mara mbili, mstari wa nane na wa kumi na moja. Mwandiko ni wangu. Namba yangu ni ileile.